Yale ya Majuto

Nyumbani kwetu Tandika, Dar es Salaam, hakuna aliyethubutu kumwambia baba kwamba ni bahili. Alikuwa kuli bandarini, mtu wa zamu na wa maneno machache, na kila shilingi aliyoileta ilikuwa imepita mgongoni mwake kwanza. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Sukari ikiisha katikati ya mwezi tulikunywa chai hivyo hivyo, tukitazama chini. Baba alikuwa mkubwa, na mkubwa haambiwi.

Aliyetufungulia mdomo ni mchekeshaji wa Tanga ambaye baba hakuwahi kukutana naye: Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto.

Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza. Mabati juu, magunia ubavuni, mabenchi ya mbao za kuokoteza, televisheni moja na deki moja ndani ya kizimba cha nondo ili visiibwe. Mchana kutwa zilipita filamu za Kichina na za Kihindi, nyingine zikiwa na sauti ya Lufufu, bingwa wa kutafsiri sinema kwa Kiswahili, akieleza kila ngumi na kila busu lililokatwa. Mikanda ya Majuto haikuhitaji mfasiri. Ikiwekwa, mwenye kibanda hakuhangaika kuita wateja, kwani kicheko cha waliokuwa ndani kilifika mpaka barabarani.

Mtoto wa kike hakutakiwa kuonekana humo. Baba alipopata habari alikuja kunitoa, ametoka zamu, viatu vya kazi bado miguuni. Akasukuma pazia la gunia, akaniona, akaninyooshea kidole. Halafu macho yake yakaenda kwenye televisheni. Majuto alikuwa anacheza mzee bahili, kama alivyocheza mara nyingi. Mtoto anaomba hela. Mzee kwanza hasikii, kisha anasikia vibaya, kisha mwili wote unaanza kumuuma. Macho yanamtoka, mdomo unapinda, mkono umeingia mfukoni na hautaki kutoka. Baba akabaki amesimama. Nikasikia kicheko nisichokijua nyuma yangu, nikageuka, kumbe ni yeye. Ameshika nguzo ya kibanda, kofia imemdondoka, machozi yanamtiririka. Watu wakamsogezea nafasi kwenye benchi, akakaa. Tulirudi nyumbani pamoja mkanda ulipokwisha, na mama alipouliza ilikuwaje, hatukumjibu.

Siku chache baadaye mama aliomba hela ya sukari. Baba akaanza: jana si nimetoa, na ile ya juzi imekwenda wapi, hii nyumba inakunywa chai au inaoga chai? Kaka yangu, bila kuinua uso kutoka kwenye daftari lake, akasema taratibu, "Yale ya Majuto hayo."

Nilijua kaka atapigwa. Mama alishika mdomo. Baba alimtazama kaka, akanitazama mimi, midomo ikaanza kumchezacheza, mwisho akaangua kicheko. Akatia mkono mfukoni, akauvuta kwa taabu huku amekunja uso, sawasawa na yule mzee wa kwenye mkanda, akamwekea mama noti kiganjani. "Chukua, mama watoto," alisema, "kabla sijaugua."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na njia. Mama aliitumia kwa nadra, kwa kupima. Baba akiingia amenuna na hakuna anayejua kosa la nani, atasikia kutoka jikoni, "Baba watoto, leo umekuja peke yako au na Majuto?" Ubahili haukwisha; alizeeka nao. Kilichobadilika ni kwamba neno lilipata pa kupitia, likafika, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mwananyamala, na kila mwaka nakutana na watoto wasioweza kuwaambia wazazi wao neno ambalo lingeokoa kitu. Ndiyo maana narudi kufikiria kibanda kile. Nimejiuliza mtu yule alitupa nini hasa, na jibu ninaloliamini nililiona kwanza makaburini.

Baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Kwenye misiba ya kwao nimewaona Wanyamwezi, watani wao tangu enzi za misafara ya wapagazi kati ya bara na pwani, wakifanya mambo ambayo mtu mwingine angefukuzwa nayo. Mmoja anajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Mwingine anamwigiza marehemu anavyokohoa, anavyotembea, anavyokwepa madeni, na anafanya hivyo mbele ya mjane. Mjane analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mtani anasema kila kitu ambacho ukoo umekificha, kisha anakula pilau na kwenda zake. Lakini sisi watoto wa Tandika tulipanga ua mmoja na Wamakonde, Wangoni, Wahaya na Wapemba. Nani mtani wa nani? Hatukujua tena. Mji ulituchanganya, ukatunyang'anya wale watu waliokuwa na ruhusa ya kusema. Nafasi yao ilibaki wazi, na kwa maoni yangu Majuto aliingia humo akawa mtani wa kila nyumba, bila mtu kumuuliza kabila.

Uzee wake ndio uliompa nguvu. Alizaliwa mwaka 1948 na kuanza kuigiza mwaka 1958, mtoto bado, na tulipomfahamu sisi alikuwa tayari mtu mzima wa kuamkiwa. Tulilelewa tukiambiwa mzee hachekwi. Huyu alikuja na sauti ile ya pwani yenye kukokota, akaichukua heshima aliyostahili na kuiweka chini mbele yetu kwa hiari yake: akawa baba mkali asiyejua lolote, mume mwenye wivu, mzee anayewatamani wasichana wa rika la wajukuu zake, mwenye hela asiyeweza kuachia hata shilingi. Mtoto aliyemcheka hakuwa amemtukana mzee yeyote wa mtaani kwake. Lakini kila mzee wa mtaani alijiona.

Jambo hili halikuwa la kawaida katika sanaa yenyewe. Wataalamu wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakieleza kwamba vichekesho vya jukwaani vilikua wakati wa ukoloni, na mara nyingi aliyechekwa alikuwa mshamba: mtu aliyekuja mjini bila kusoma, akajaribu kuvaa na kuongea kizungu, akaanguka. Waliosoma waliwacheka wasiosoma. Kicheko cha namna hiyo bado tunacho, kwenye simu na kwenye televisheni, kikimwendea mwenye lafudhi ya bara, mwenye ulemavu, msichana wa kazi. Sikipendi. Majuto katika kazi zake bora alikigeuza kikamwendea mwenye funguo za nyumba. Si mikanda yake yote. Ipo ambayo mke ndiye aliyegeuzwa kichekesho tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo huwa naizima.

Nilichojua kuhusu kazi yenyewe ya kuchekesha nilikipata kwa mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa akipiga ngoma katika kikundi cha shirika moja la umma miaka ya 1970 na 1980. Zama hizo karibu kila taasisi ilikuwa na kundi lake la sanaa: jeshi, polisi, magereza, reli, bandari. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam lilikuwa na DDC Kibisa. Baadaye yakaja makundi ambayo hayakuwa ya mashirika, Muungano chini ya Norbert Chenga likiwa mojawapo ya yaliyotajwa sana, na mwaka 1992 ikaanzishwa Tanzania One Theatre, TOT ya Kapteni John Komba. Wikiendi walizunguka kumbi za mji: Vijana pale Kinondoni, Amana kule Ilala, DDC Kariakoo, na mabaa yenye ua mkubwa kwetu Temeke. Onyesho moja lilibeba kila kitu. Ngoma, sarakasi, kwaya, igizo refu, taarabu, muziki wa dansi, na kati ya hivyo vyote kichekesho.

Mjomba alisema kichekesho kiliwekwa pale ili wacheza ngoma wapate nafasi ya kubadilisha nguo na kufuta jasho. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake rasmi. Lakini watu waliokuwa nje wakivuta sigara walirudi ndani mbio kikianza. Hakukuwa na maandishi. Wachekeshaji walikutana nyuma ya pazia, wakakubaliana nani awe nani na mwisho uwe upi, basi. Mengine yote yalitengenezwa na ukumbi. Walikuwa na macho ya wavuvi, alisema mjomba: wanatazama benchi la mbele kujua maji yamekaaje. Wakiona mama mmoja amecheka kwa neno la mume mlevi, wanalirudia neno lile, wanalivuta, wanaliongezea. Ukumbi ukipoa, mmoja anaanguka chini kama gunia la mkaa. Na kuanguka kulikuwa elimu. Mjomba aliniambia wapo walioshinda mchana kutwa kwenye mchanga wakijifunza kudondoka bila kuumiza kiuno, kwa sababu kesho yake kulikuwa na onyesho jingine, Mbagala au Magomeni, na kiuno ni kile kile.

Mtu wa Dar aliyeishika elimu hiyo kuliko wengi ni Mzee Small, Said Ngamba. Mfupi, mwepesi, uso unaobadilika kama anga la masika. Mama yangu alimpenda kuliko Majuto, na kwa haki: Majuto alikujaza kicheko kwa nguvu, Mzee Small alikiacha kikuingie polepole mpaka ukashtukia umelegea. Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 7 Juni 2014 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kabla yake, tarehe 26 Novemba 2012, ajali ya gari kule Muheza ilikuwa imemchukua Sharo Milionea, Hussein Mkiety, kijana wa miondoko ya kisharobaro ambaye Majuto aliigiza naye na watazamaji wa marika yote mawili wakakutana mbele ya televisheni moja. Nawakumbuka wawili hao wakiwa pamoja kwenye kioo: kijana anajiona, mzee anamwona kijana anavyojiona. Wanangu walimcheka Majuto, mimi nilimcheka Sharo, na tulipomaliza tuliweza kuzungumza juu ya nguo na lugha bila kugombana.

Majuto mwenyewe alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, umri wa miaka 70. Alikuwa ameugua mwaka ule, akapelekwa India kutibiwa na kurudi. Watu walimuaga Karimjee, Dar es Salaam, akazikwa kwao Tanga. Siku ile mtaani kwetu nilisikia televisheni za majirani zote zikitoa sauti yake kwa pamoja, kila nyumba mkanda wake, na watu wazima wakicheka kwa sauti siku ya msiba. Watani hufanya hivyo.

Kuna sehemu ya habari hii inayoniuma, na siwezi kuipita. Katika miezi ile ya ugonjwa, nchi ilianza kuuliza kwa sauti ni kwa nini mtu ambaye sura yake iliuza bidhaa nyingi, na ambaye mikanda yake ilijaa kila kibanda kutoka Mtoni hadi Manzese, awe anahitaji kuchangiwa. Waziri wa Habari na Utamaduni wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ya matangazo ikatajwa kama mfano. Namna biashara ilivyokwenda inajulikana na kila aliyewahi kuwa karibu nayo. Msanii analipwa mara moja. Anatia saini karatasi ambayo pengine imeandikwa kwa lugha asiyoitumia, akiwa amesimama, hakuna shahidi wa upande wake. Mkanda unauzwa na haki zake zote. Baada ya hapo sura yake inazunguka miaka na miaka, inatoka kwenye VHS inaingia kwenye CD, inatoka kwenye CD inaingia kwenye simu, na yeye haoni kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Lakini sheria haimfuati mtu mpaka kwenye benchi anaposainia.

Mtu aliyetupa sisi njia ya kumwambia baba ukweli hakuwa na mtu wa kumsaidia kuwaambia wanunuzi wake ukweli. Tulimchukulia kama ndugu, na tukadhani ndugu hahitaji malipo. Kicheko tulikiona ni tabia aliyozaliwa nayo; hatukuona kiuno kilichofundishwa kuanguka.

Kwa hiyo pale shuleni, katika kikundi chetu cha sanaa, hakuna mtoto anayepanda jukwaani kwenye hafla ya mtu bila karatasi. Wanaiandika wenyewe, kwa Kiswahili. Akina nani wataigiza, kwa muda gani, wanapewa nini, hata kama ni soda na nauli. Kuna mstari unaouliza kama mwenye hafla ataruhusiwa kurekodi, na kama atairusha rekodi hiyo mtandaoni. Wazazi wengine hucheka wakiiona. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hawa ni watoto tu." Nilimwambia Majuto naye alianza akiwa mtoto.

Shule yetu haiko mbali na Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, nami nawapeleka wanafunzi pale kila ninapopata kibali na nauli. Ni tawi la Makumbusho ya Taifa lililoanzishwa miaka ya 1960 ili watu waone nyumba za jadi za makabila ya Tanzania: msonge wa Wahaya umefunikwa nyasi mpaka chini, tembe la Wagogo na paa lake la udongo, nyumba za Wachaga, za Wahehe, za Wazaramo. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na siku maalumu za jamii mbalimbali, watu wanapika vyakula vyao na kucheza ngoma zao. Kwa watoto wa Mwananyamala, ambao nyumba wanayoijua ni ya matofali na bati, kuingia ndani ya tembe na kukuta baridi mchana wa jua ni somo ambalo siwezi kulifundisha kwa chaki.

Mara moja, ngoma ilipomalizika na wachezaji wakiwa wamepumzika kivulini, mwongozaji aliwaruhusu watoto wetu waonyeshe walichonacho. Uani kwa nyumba ya Wazaramo, msichana wa darasa la sita akafunga msuli, akaweka kofia ya mwenzake kichwani, akawa baba wa bodaboda aliyebeti hela ya sare za shule. Anaupanga mkeka wake wa timu mbele ya mwanawe kwa unyenyekevu kama mtu anayeswali. Mtoto anauliza sare. Baba hasikii. Baba anasikia vibaya. Baba anaanza kuumwa. Macho yakamtoka yule binti, mdomo ukapinda, nikaona mkono unaingia mfukoni, nikajua kila kitakachofuata. Nilipomuuliza baadaye alijifunzia wapi, alisema kwenye simu ya mama yake. Majuto. Mmoja wa wapiga ngoma alikuwa amelala kifudifudi kwa kucheka. Kati ya wazazi waliotusindikiza alikuwamo dereva wa bodaboda, naye alicheka sana, kisha akawa kimya, kisha akacheka tena.

Nilimtazama yule binti nikafikiria zile nyumba zilizotuzunguka. Nyasi huoza, udongo huporomoka kila masika, mchwa hula nguzo. Nyumba hizo zinasimama mpaka leo kwa sababu zinaezekwa na kukandikwa upya mara kwa mara, na lazima awepo mtu anayejua kufunga fito za msonge. Kinachotunzwa pale ni mkono wa fundi. Kichekesho nacho hakikuandikwa popote. Kimekaa mwilini mwa mtu na kitaendelea kuwapo ikiwa kuna anayekirudia mbele ya watu. Ningetamani Kijiji cha Makumbusho kikipe nafasi yake, pale pale uani, siku zile zile za ngoma. Wasanii wakongwe waliobaki waitwe waje wafundishe kuanguka, walipwe kwa kazi hiyo, na karatasi iwepo.

Na iko kazi ya haraka zaidi. VHS haipendi hewa ya Dar. Unyevu unaingia, utepe unaota ukungu, unagandana, na deki nzima ya kuuchezea imekuwa adimu. Kinachozunguka mtandaoni ni vipande vya dakika moja au mbili, vingi vimekatwa mwanzo na mwisho, majina ya walioigiza yameondolewa. Mikanda mizima ipo Tandika, ipo Mtoni kwa Azizi Ally, ipo Mbagala, Manzese na Tandale, kwenye maboksi chini ya vitanda vya watu waliokuwa na vibanda. Wengi wao ni wazee lakini bado wana kumbukumbu. Nenda na deki inayofanya kazi, kaa nao mkanda ukizunguka, watakutajia nani alicheza nini, kikundi chake kilikuwa kipi, na watu walicheka zaidi sehemu gani.